Ufadhili wa Uzamili na Uzamivu Ukiwa Mombasa: Anza na Karatasi, Si na Tangazo

Swali ni lile lile kila wiki: "Kuna skolashipu gani imefunguliwa saa hii?" Huuliza aliyehitimu juzi pale Tudor, huuliza aliye mwaka wa pili wa uzamili na karo imemkaba, huuliza hata wazazi. Zamani nilikuwa najibu: "Ipo moja, inafungwa Ijumaa." Alhamisi usiku simu inalia. Transkripti haijatoka, pasipoti imekwisha muda, na mhadhiri wa kuandika barua yuko Lamu harusini, mtandao hapati.

Siku hizi nauliza kwanza: "Karatasi zako ziko wapi?" Kwa niliyoyaona, wanafunzi wa huku kwetu hawakosi ufadhili kwa uhaba wa akili. Wengi hawafiki hata mbele ya waamuzi. Huishia njiani kwa jina lililoandikwa vibaya, saa iliyosomwa vibaya au barua iliyochelewa. Mwongozo huu ni wa kukuvusha hayo matatu, uwe Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa (TUM), Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, au katika kampasi yoyote ya vyuo vya bara iliyoko hapa mjini.

Kabla hujaanza

Kusanya hivi vitu kwanza. Usiseme utavitafuta mbele ya safari.

- Pasipoti ambayo bado ina uhai wa kutosha. Kama huna, anza leo kupitia eCitizen, kwa sababu huwezi kujua foleni ya uchapishaji itakuwaje mwezi ujao.
- Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE, cheti cha digrii na transkripti zote. Kila kimoja kiskaniwe kwa rangi kiwe PDF. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole haihesabiki.
- Barua pepe yenye jina lako halisi. Ile uliyofungua ukiwa kidato cha tatu iache ipumzike.
- Wasifu wa kurasa mbili, usiozidi.
- Majina matatu ya watu wanaokujua kikazi au kimasomo, si wawili. Mmoja atakuwa safarini.
- Daftari, au jedwali kwenye kompyuta, la kuandikia tarehe.
- Akiba kidogo ya wakili wa kuidhinisha nakala, ya mtihani wa Kiingereza ikibidi, na ya bando.

Kuhusu mtihani wa Kiingereza: matokeo ya IELTS na TOEFL hudumu miaka miwili tu. Usikimbilie kuufanya kabla ya kujua unaomba wapi. Vyuo kadhaa hukubali badala yake barua ya msajili wa chuo chako inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza. Barua hiyo ni bei rahisi mno ukilinganisha na mtihani, basi iulizie kwanza.

Hatua ya 1: Yapatanishe majina yako

Hapa ndipo Pwani tunapoumia kuliko watu wa mahali pengine, na nitakaa hapa kidogo.

Chukua karatasi zako zote uzipange mezani. Soma jina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, KCSE inasema Mohammed, kitambulisho kinasema Muhammad. Mwanamke ana "binti" kwenye cheti cha kuzaliwa, lakini kwenye digrii neno hilo limetoweka. Jina la babu limetangulia la baba. Jina la ukoo liko kwenye pasipoti ila chuo hakikuliandika kwa sababu sanduku la fomu lilikuwa fupi. Sisi tukiyaona tunajua ni mtu mmoja. Karani aliyeko Bonn au Brussels hajui, na hana sababu ya kukudhania mema.

Fanya hivi:

Kwanza, amua jina la pasipoti ndilo kiongozi. Kila fomu utakayojaza kuanzia leo ifuate pasipoti, pamoja na mpangilio wake. Kama bado hujaomba pasipoti, hii ndiyo bahati yako: hakikisha kitambulisho kimekaa sawa kabla ya kuomba.

Pili, tofauti ikiwa ni ya herufi moja mbili, nenda kwa wakili uandikiwe hati ya kiapo inayosema majina yote hayo ni yako. Iskani, uiambatishe kila unapotuma vyeti. Tofauti ikiwa kubwa, yaani jina zima limebadilika, kiapo hakitoshi na utahitaji kubadilisha jina kisheria. Hilo ni jambo la miezi, si la wiki.

Tatu, kosa likiwa kwenye transkripti, lirekebishe chuoni mapema, kabla hujahitimu ikiwezekana. Ukishavaa joho, ofisi inakuona mgeni.

Tahadhari: mifumo ya ng'ambo hutaka "jina la kwanza" na "jina la ukoo". Mwenye majina matatu huchanganyikiwa, akaweka la pili mahali pa la ukoo kwenye fomu moja na la tatu kwenye nyingine. Tazama mistari ya pasipoti: kilichoandikwa kwenye mstari wa ukoo ndicho hicho hicho. Usibuni.

Hatua ya 2: Jua unatafuta pesa ya nini

"Ufadhili" ni neno pana. Pesa ya karo, pesa ya kufanyia utafiti, pesa ya kwenda kongamanoni na nafasi ya kujijenga kikazi ni vitu vinne tofauti, na kila kimoja kina mlango wake. Mwenye karo iliyolipwa ila hana nauli ya kwenda Vanga kukusanya data akiomba skolashipu ya karo, anapoteza muda wake na wa watu.

Andika sentensi moja tu: nahitaji kiasi gani, cha kufanyia nini, kufikia mwezi gani. Ukishindwa kuiandika hujawa tayari kuomba chochote.

Hatua ya 3: Tengeneza orodha fupi

Chagua milango minne au mitano, si ishirini. Hii hapa ninayowaelekeza watu mara kwa mara.

Ndani ya nchi: HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hutoa mikopo ya uzamili na uzamivu, si ya shahada ya kwanza pekee. Lakini kama bado una deni la digrii ya kwanza, lishughulikie kwanza. Anayekaa bila kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, na nimeona deni dogo likifura kama andazi. Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, NRF, imekuwa ikifadhili utafiti wa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, kwa hiyo fuatilia miito yake. Basari za NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneobunge, katika maeneobunge yetu sita hapa Mombasa zinaweza kuziba pengo la karo, lakini usizijengee nyumba. Watoto wa sekondari wako mbele yako kwenye foleni, na ni haki yao.

Wa bahari: wewe umezaliwa penye riziki. Makao makuu ya KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, yako hapa hapa Mombasa, na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari ya Hindi magharibi chenye makao Unguja, kina mpango wa ruzuku uitwao MARG kwa ajili ya utafiti, kuhudhuria mikutano na kutembelea taasisi nyingine. Mradi wako ukigusa uhifadhi, tazama pia ruzuku ndogo za Wakfu wa Rufford wa Uingereza.

Wa afya na baiolojia: kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI-Wellcome kilichoko Kilifi kina mpango wa mafunzo unaoanzia waliotoka tu chuoni hadi uzamivu. Ni mwendo wa matatu moja kutoka hapa, ajabu ni wangapi hawajawahi kuuliza.

Wa uchumi watazame AERC, shirika la utafiti wa uchumi Afrika, jijini Nairobi. Wa kilimo, RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu kwa ajili ya kilimo, pale Kampala. Wa sayansi ya jamii wafuatilie miito ya CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi ya jamii Afrika, la Dakar.

Wa Kiswahili: msijidharau. Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha huwapeleka vijana Marekani kufundisha Kiswahili vyuoni kwa mwaka mmoja wa masomo, na kwa kawaida hulenga wenye umri wa miaka 21 hadi 29. Haukupi digrii, ila unakupa kazi, mtandao wa watu na mwaka mzima wa kuandika. Sielewi kwa nini mji wenye Kiswahili cha Kimvita unaiachia nafasi hii wengine.

Nje ya nchi kwa jumla: skolashipu ya Chevening ya serikali ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja. Hufunguliwa Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba. Inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, ambao wao huuhesabu kuwa saa 2,800, na ukimaliza lazima urudi nyumbani angalau miaka miwili. Skolashipu za Jumuiya ya Madola nazo huwa kati ya Septemba na Oktoba. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari, kila programu na tarehe yake, na mshindi hupata yuro 1,400 kwa mwezi, hadi miezi 24. Skolashipu za serikali ya Uturuki hufunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, lina ofisi Nairobi na mipango kadhaa, mingine ya kusomea hapa hapa Afrika Mashariki. Kwa kawaida hawataki digrii yako ya mwisho iwe imepita miaka sita. Hilo la miaka sita limewanyima watu wazima wengi niliowajua, walioweka ndoto kabatini wakingoja watoto wakue. Kama umo mwaka wa tano, mpango huo uuweke wa kwanza kwenye orodha. Na mwanamke anayetaka uzamivu wa sayansi au uhandisi nje ya nchi atazame Faculty for the Future ya Wakfu wa Schlumberger, ambayo hufunguliwa Septemba na kufungwa Novemba.

Tarehe hizi ndizo desturi yao, lakini mwaka husogeza siku. Kabla hujaandika kitu kwenye daftari, fungua tovuti ya mfadhili mwenyewe. Usitegemee picha iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp. Mara nyingi ni ya mwaka juzi.

Hatua ya 4: Geuza saa zao ziwe za Mombasa

Hili lilinichoma mimi binafsi. Tangazo lilisema 12:00 GMT. Kichwani nikaweka saa sita usiku, nikajiona nina siku nzima. Saa kumi jioni niko kwenye saiba karibu na Mwembe Tayari naambatisha insha ya mwisho, ukurasa umeshafungwa saa nzima iliyopita. Ile 12:00 ilikuwa adhuhuri yao, yaani saa tisa alasiri kwetu. Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Sisi tuna mitego miwili kwa pamoja: saa zetu za Kiswahili ziko mbali kwa sita na saa zilizoandikwa, halafu sisi tuko mbele ya Greenwich kwa saa tatu. Basi andika hivi kwenye daftari, kwa maneno, si kwa tarakimu peke yake:

- Saa 12:00 GMT ni saa tisa alasiri Mombasa, siku hiyo hiyo.
- Saa 23:59 GMT ni saa tisa kasoro dakika moja usiku, kuamkia siku ya pili.
- Saa 17:00 ya Brussels au Berlin ni saa moja usiku kwetu wakati wao wa baridi, na saa kumi na mbili jioni wakati wao wa joto.
- Saa 17:00 ya New York wakati wa baridi ni saa saba usiku kwetu. Wakati wa joto ni saa sita usiku.
- Ukiona herufi AoE (Anywhere on Earth, yaani popote duniani), hasa kwenye makongamano, maana yake ni hadi siku iishe mahali pa mwisho duniani. Saa 23:59 ya hapo ni saa tisa kasoro dakika moja alasiri ya siku ya pili Mombasa.

Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba na Jumapili ya mwisho ya Machi. Makataa ya mwisho wa Oktoba ndiyo hatari zaidi: unapoanza fomu tofauti ni saa moja na Berlin, unapomaliza ni saa mbili. Na Mmarekani akiandika 03/04 anamaanisha Machi 4, si Aprili 3.

Hatua ya 5: Hesabu kurudi nyuma

Usianze na leo. Anza na siku ya makataa, rudi nyuma. Tuseme mlango unafungwa Jumanne ya kwanza ya Oktoba.

Siku tatu kabla: umeshatuma. Hiyo ndiyo makataa yako wewe. Ile yao isahau.

Wiki mbili kabla: insha zimesomwa na watu wawili, mmoja wa fani yako, mwingine asiyeijua kabisa.

Wiki sita kabla: waandishi wa barua wamekubali na wana kila kitu mkononi.

Miezi mitatu kabla: transkripti na pasipoti ziko tayari.

Miezi sita kabla: hati ya kiapo ya majina.

Sasa ndipo utaona kwamba mlango wa Oktoba huanza Aprili. Ndiyo maana swali la "imefunguliwa gani saa hii" lina kasoro tangu mwanzo.

Kwenye hesabu hiyo ongeza vitu vya huku kwetu. Mwezi wa Ramadhani ofisi nyingi hufunga mapema, na wiki ya Idi humpati mtu. Desemba yote ni ya wageni na likizo. Kukiwa na mgomo wa wahadhiri, hakuna saini itakayotoka chuoni, na migomo yetu haina adabu ya kuangalia kalenda ya mfadhili.

Hatua ya 6: Omba barua za mapendekezo kama mtu mwenye heshima

Barua dhaifu huua ombi zuri. Barua dhaifu ni ile inayosema wewe ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu, basi. Hiyo inaweza kuwa ya mtu yeyote aliyewahi kukaa darasani.

Mwendee aliyesimamia kazi yako, hata kama hana cheo kikubwa. Barua ya mhadhiri kijana aliyekuona ukihesabu miche ya mikoko Gazi ukiwa na matope magotini ina uzito kuliko ya profesa asiyekumbuka sura yako. Mwandikie angalau wiki sita kabla. Kitu kama hiki kinatosha:

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wako wa darasa la mbinu za utafiti la mwaka juzi, niliyeandika juu ya maji ya visima Kisauni. Naomba uzamili wa usimamizi wa maji, na makataa ni tarehe 7 Oktoba. Je, ungeweza kuniandikia barua yenye nguvu? Ukikubali nitakutumia wasifu, transkripti, insha yangu na mambo matatu uliyoyaona katika kazi yangu. Kama una shughuli nyingi nitaelewa kabisa."

Maneno "yenye nguvu" yaache humo. Humpa mtu nafasi ya kukataa kwa adabu, na kukataliwa mapema ni bora.

Akikubali, mtumie kila kitu kwa ujumbe mmoja. Mkumbushe wiki mbili kabla, kisha siku tano kabla. Hatakasirika, na mara nyingi hukushukuru. Hakikisha anatumia barua pepe ya chuo, kwa maana mifumo kadhaa huzitilia shaka anwani za kawaida. Na kiungo cha kupakia barua mara nyingi huingia kwenye kapu la taka. Mwambie atazame huko.

Tahadhari: usijiandikie barua halafu mwalimu atie saini tu, hata akikuomba. Wasomaji wa maombi huzijua barua mbili zenye mkono mmoja. Mpe hoja, si barua.

Hatua ya 7: Andika insha inayonuka mahali ulipotoka

Insha nyingi ninazoletewa huanza: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku ya kuleta mabadiliko katika jamii." Anayezisoma amesoma mia kama hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Anza na kitu kimoja ulichokiona na kukifanyia kazi. Mfano: ulifanya kazi ya kujitolea kwenye soko la samaki, ukagundua kuwa wavuvi hutupa sehemu ya mali yao kila msimu wa kusi kwa kukosa barafu karibu, ukaandika hesabu ya miezi mitatu kwenye daftari. Sasa una swali, una ushahidi, una sababu ya kusoma. Kisha useme kwa nini chuo hicho na si kingine, ukitaja somo au maabara yenyewe. Mwisho useme utafanya nini ukirudi, kwa kipimo kinachoaminika. Usiahidi kuiokoa Afrika. Ahidi kitu ambacho mtu wa Likoni angekuamini ukimwambia.

Makosa ninayoyaona zaidi: kusimulia shida za nyumbani ukurasa mzima, ukabakiwa na mistari mitano ya masomo; kunakili insha ya rafiki aliyeshinda; na kuiachia programu ya akili unde ikuandikie yote. Ya mwisho hiyo hutoa insha laini isiyo na mtu ndani. Kukusahihishia sarufi, sawa. Kufikiri, hapana.

Hatua ya 8: Tuma, kisha uweke ushahidi

Jaza fomu ukiwa kwenye kompyuta, si simu. Andika majibu marefu pembeni kwanza, ndipo uyabandike, kwa sababu stima ikikatika katikati ya sanduku la maneno 500 hakuna wa kumlalamikia. Punguza ukubwa wa faili kabla ya kupakia. Fungua kila faili baada ya kuipakia uhakikishe si ya mtu mwingine. Katika saiba faili huchanganyika, na nimewahi kuona mtu ametuma hati ya shamba ya mteja aliyemtangulia.

Ukishatuma, piga picha ya skrini yenye namba ya ombi na uhifadhi barua pepe ya uthibitisho. Kama umetumia kompyuta ya watu, futa faili zako na utoke kwenye akaunti.

Hatua ya 9: Unapongoja, jijenge

Majibu huchukua miezi. Hiyo miezi ndiyo itakayokupa uzoefu ambao mlango ujao utauuliza.

Tume ya Utumishi wa Umma ina mpango wa mafunzo kazini kwa wahitimu. Bandarini, KMFRI, hospitalini, mashirika ya uhifadhi, hata Fort Jesus na taasisi ya utafiti wa Kiswahili, RISSEA, iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa, kuna kazi za kujifunzia kwa anayebisha hodi akiwa na barua ya chuo na swali la maana. Weka kumbukumbu ya saa ulizofanya kazi, hata za kujitolea. Zile saa 2,800 za Chevening huweza kujumlishwa kutoka kazi kadhaa, lakini huwezi kuzikumbuka miaka mitatu baadaye bila daftari.

Fungua namba ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti popote anapochapisha. Ni bure, na hukutofautisha na kina Ali Hassan wengine wote wanaoandika makala. Jaribu kuchapisha kipande kimoja cha tasnifu yako: wa bahari wana jarida la WIOMSA, wa Kiswahili wana *Mulika* na *Kiswahili* ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jarida likikuandikia lenyewe, likikusifu na kuahidi kuchapisha wiki ijayo ukilipa, likimbie.

Na kama utafiti wako unaanza, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ni lazima kabla ya kukusanya data. Ni sheria ya mwaka 2013, wala haimwachi mwanafunzi. Huombwa mtandaoni, na utahitaji pendekezo lililopitishwa na barua ya chuo. Ukihoji watu, tafuta kwanza idhini ya kamati ya maadili, ambayo ndiyo huchelewesha kuliko yote. Ukiingia kwenye hifadhi ya bahari, zungumza na KWS, shirika la wanyamapori, mapema. Wafadhili wa utafiti huuliza vibali hivi, basi kuvianza ukingali unangoja ni faida tupu.

Ukikwama

*Transkripti haitoki kwa sababu ya deni la karo.* Omba barua ya matokeo ya muda kutoka kwa mkuu wa idara au msajili, uulize mfadhili kwa barua pepe kama wataipokea. Baadhi hukubali kwa masharti kwamba ya kweli ifuate.

*Mwalimu wa barua amenyamaza.* Mpigie simu mara moja, kisha nenda ofisini. Siku kumi zikipita, mgeukie yule mtu wako wa tatu na umwandikie wa kwanza ujumbe wa shukrani kwamba hutamsumbua tena. Usimvunjie heshima, utamhitaji.

*Mfumo unakataa kutuma.* Badilisha kivinjari, punguza jina la faili liwe fupi lisilo na alama, jaribu alfajiri. Ikigoma, piga picha ya skrini na uwaandikie kabla ya makataa. Malalamiko ya baada ya makataa hayana wa kuyasikiliza.

*Umepigiwa simu kwamba umeshinda, utume pesa ya kushughulikia fomu kwa M-Pesa.* Ni tapeli. Vyuo vingine hutoza ada ya maombi ya udahili, na hiyo hulipwa kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Mfadhili wa kweli hakutumii namba ya mtu binafsi.

*Umepata udahili ila hujapata ufadhili.* Andikia chuo uombe kuahirisha hadi mwaka ujao. Wengi hukubali, na barua hiyo ya udahili huongeza uzito wa maombi yako yanayofuata.

*Umekataliwa.* Lia siku moja. Kisha uombe maoni, japo wengi hawatoi. Tafuta pale insha ilipolegea, uandike tarehe ya mwaka ujao kwenye daftari, pamoja na ile ya miezi sita kabla yake. Ninaowajua waliofika Uingereza na Ujerumani, wengi wao hawakupita kwa jaribio la kwanza.

*Una tangazo mbele yako na hulielewi.* Lichapishe, uniletee pamoja na transkripti zako. Ukija bila transkripti tutakunywa kahawa tu.